Ngozi Mbichi kwenye Springi za Bwana Pilipili

Jumapili jioni, Nachingwea. Mwezi wa saba.

Leo upepo umevuma kutwa nzima, ule wa baridi unaoingiza vumbi jekundu hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Shangazi anaulaumu upepo. Mimi sina hamu ya kuulaumu. Nina mtu wa kumlaumu, naye amekaa barazani anakunywa uji.

Ni baba yangu.

Basi, nimeshaandika.

Nianze mwanzo. Kuna mhandisi mmoja wa kizungu katika karakana ya matrekta, watu humwita Bwana Pilipili kwa jinsi uso wake unavyoiva juani. Ana kigari cha kijani cha viti viwili, hakina paa, kifupi hata mbuzi anaweza kukiruka. Jumamosi yeye na wenzake hushindana kwenye uwanja wa ndege, wanazunguka mapipa. Kigari chake kina mbio njia ikiwa imenyooka, lakini kikifika kwenye pipa kinalala upande kama mlevi, gurudumu la ndani linaachia ardhi, na wenzake wanampita wakicheka.

Springi zake ni laini mno. Ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Alijaza oili nzito kwenye shokapu, haikutosha. Akazizungushia springi kamba, maana kwao ndivyo wafanyavyo wenye magari ya mashindano. Kamba ikalegea palepale uwanjani.

Mlinzi wa karakana, mtu wa kwetu Chunyu, akamwambia yuko mzee anayewamba ngoma, akikaza kitu kimekazika. Ndivyo Baba alivyoitwa. Na mimi, kwa kuwa niko likizo na Kiingereza cha Sista anayetufundisha shuleni kimeniingia kidogo, nikaletwa niwe mkalimani. Tumefikia hapa kwa Shangazi. Kaka yangu Norbeti naye akaja, eti kubeba vyombo. Siku ya kazi yenyewe alikwenda Namungo kucheza mpira.

Siku ya kwanza Bwana Pilipili alitoa ahadi mbele yetu sote: atakayezipatia dawa springi hizi, Jumamosi atakaa naye kwenye kiti cha pili. Niliitafsiri mimi mwenyewe. Baba alicheka, akasema kwa mgongo wake huu hataki hata hicho cha kwanza.

Mimi nilikitaka.

Sijamwambia mtu. Mimi ambaye nikiitwa mbele ya darasa natamani sakafu inimeze, nilikiota kiti kile. Nilifua gauni langu la shule, nikatenga na kitambaa cha kichwa nitakachokaza kisipeperuke.

Baba alianza na kamba ya magome. Nayo ikalegea. Tulipokuwa tunaifungua nikamnong'oneza kwa Kimwera: kwa nini tusiwambe kwa ngozi mbichi, kama ngoma? Ikikauka itabana yenyewe.

"Gari na ngozi wapi na wapi, wewe?" akasema.

Kisha akainuka. Akaenda kwa mchinjaji kuomba ngozi ya mbuzi.

Kazi niliifanya mimi. Si kwamba Baba hajui, bali mikono yake ni minene, haipiti kati ya springi na ekseli. Niliikata ngozi kwa kuzungusha, ukanda mmoja mrefu usiokatika, nikailoweka, nikalala chali chini ya gari mgongo ukiwa kwenye mavumbi na oili. Unaanzia katikati unakwenda nje, kila mzunguko unaulalia nusu mwenzake, na unavuta kwa kijiti mpaka vidole vinaota alama. Mwishoni unaacha nafasi kidogo, vyuma vipate kuteleza, la sivyo springi zitakuwa ngumu kama jiwe, gari lirukeruke. Halafu tukalisukuma gari kivulini, ngozi ikauke polepole. Baba alikaa pembeni akisema, "Taratibu, mama, taratibu." Ilikuwa siku nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi Bwana Pilipili akalijaribu gari, kisha akaja nalo mbio mpaka hapa kwa Shangazi, hata kofia ameisahau. Anacheka peke yake. Akauliza wazo lile lilikuwa la nani. Nikamgeukia Baba, nikamwambia, "Anauliza wazo la ngozi ni la nani."

Baba akaniangalia. Aliniangalia kweli, si kwa kupitiliza. Kisha akamwelekezea mdomo Norbeti, aliyekuwa ameegemea mlango na viatu vya mpira begani.

"Mwambie ni la huyu mwanangu."

Nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Ningeweza kusema "mimi" na kwetu hakuna ambaye angejua mpaka Jumamosi, gari likiondoka nami. Lakini mdomo umezoea kubeba maneno ya watu. Tena niliyabeba vizuri, sentensi nzima, na adabu zake zote. Sista angenisifu.

Bwana Pilipili akamshika Norbeti mkono. Norbeti akatazama chini, akatabasamu. Hakukana.

Usiku ule Baba aliniita. Akasema nisinune, mimi nina shule yangu, mwenzangu alishindwa darasa la nne na hana kitu. Akasema pia, "Mzungu akijua ni wewe, atakutaka karakanani katikati ya wanaume. Utaolewa na nani, mama, na trekta?" Shangazi akacheka. Mimi sikucheka. Labda yote ni kweli. Lakini hakuniuliza. Angeniuliza, pengine ningempa Norbeti mwenyewe, kwa mkono wangu. Sijui. Nafasi ya kujua nayo ameichukua.

Jana nilisimama na watu ukingoni mwa uwanja. Norbeti akapita kwenye kiti cha pili, anapunga mkono kama gavana. "Heee!" Shangazi akapiga kelele, "Norbeti wangu, leo umekuwa bwana mkubwa, na kamasi hujafuta!" Watu wakavunjika mbavu. Kigari kikalifikia pipa la kwanza, na hakikulala. Kilipita kimesimama wima, magurudumu yote ardhini, kikawapita wawili kwa mpigo. Nilifurahi kabla sijakumbuka kuumia. Niliruka hata. Zile ni springi zangu.

Leo baada ya misa ndipo nilipojua mengine. Bwana Pilipili amempa Norbeti kazi. Kesho aanze kuzifunga springi za magari ya wenzake. Norbeti alikuwa amekwishajaribu kwa siri kwenye springi chakavu, akaianika ngozi juani, ikapasuka. Akanijia jikoni, mpole kama mgeni.

"Dada, hivi uliifungaje?"

"Si wazo lako?"

"Acha basi, Fausta. Wataniona mwongo."

Baba akasema kutoka barazani, bila hata kugeuka, "Mwonyeshe mwenzio. Ni ndugu yako."

Nimeosha vyombo vyote, na visivyo vichafu pia. Nimefikiri kumwonyesha vibaya. Nakiri, nimefikiri sana. Ningemwambia afunge mpaka mwisho, asiache nafasi. Lakini gari likiruka watakaoumia ni watu, na kazi itakayoharibika ni yangu, hata kama jina si langu.

Kwa hiyo nimekubali. Nimemwambia Norbeti kesho nitamwonyesha, na amelala kwa raha, namsikia anavyokoroma.

Ambalo sijamwambia ni kwamba sitamwonyesha hapa jikoni. Nitamwonyesha karakanani, nimelala chini ya gari, na Bwana Pilipili amesimama pale anatazama. Na kila unachokifanya mkono wangu nitakisema kwa sauti, kwa Kiingereza: kwa nini katikati kwanza, kwa nini kivulini, na siku ile nilimwambia nini Baba kwa Kimwera. Naogopa. Nimeogopa tangu nilipoanza kuandika mstari huu.

Baba atakuwepo. Akiuliza ninasema nini, nitamtafsiria, neno kwa neno.