Bakuli Langu Mezani

Mdogo wangu Khiêm,

Mimi mzima, ila mgongo unauma. Kiwanda hapa Bình Dương hakimwonei mtu huruma.

Ulipomwoa Thắm, mchumba wangu, niliapa sirudi. Leo Mama kanipigia simu, anacheka huku analia. Kumbe kila siku ya kumbukumbu ya kifo cha Baba, wewe huniwekea bakuli mezani! Jana bintiyo kasimamisha vijiti vya kulia kwenye wali wangu, kama wa marehemu, nawe ukavichomoa ukilia: “We mtoto! Baba mkubwa yu hai!”

Tangu asubuhi nafunga begi na kulifungua. Sijakusamehe yote. Lakini mwaka mpya naja. Ubani wa Baba usiuwashe kabla sijafika. Kuuwasha ni kazi ya mwana mkubwa. Na bakuli langu liacheni tupu, nitajipakulia mwenyewe.

Kakako aliye hai,
Thuận