Dagaa Wasio na Mchanga

Misheni ya Karema,
S.L.P. Mpanda.
Jumapili, 16 Septemba 1979.

Mpendwa mpwa wangu Melkior,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Tanga na za kazi ya bandarini? Mkeo Josephina hajambo? Yule mdogo aliyekuwa na surua ameshapona? Sisi huku wazima, kwa kadiri ya umri. Mkaza mjomba wako Eufrazia bado anazalisha wanawake wa kijiji kizima, na magoti yake yanalalamika kuliko yeye.

Mimi moyo unakwenda kwa kuchechemea. Daktari wa misheni hakunificha, nami sikutaka anifiche. Nimekula chumvi ya kutosha na sina kinyongo na mtu. Mwandiko ukiuona umepinda, ni mkono tu; akili bado imenyooka.

Sasa neno lenyewe. Barua ya Julai nilikuambia betri ya taa yetu imechoka, ututafutie nyingine. Melkior, usinunue. Betri ni nzima. Nilikudanganya, na sitaki kufa nikiwa nimekubebesha mzigo ule toka Tanga hadi Karema kwa sababu ya tumbo langu.

Unakikumbuka kile kioo cha jua, mapadre walichompa Eufrazia walipopata jenereta? Kiko juu ya paa la banda la jiko. Mchana kinajaza betri ya gari, jioni tunawasha taa. Mafuta ya taa yamekuwa adimu tangu vita, kwa hiyo ndiyo taa anayozalishia.

Mwezi Juni ikaanza kufifia mapema. Eufrazia alihangaika. Alisugua kutu kwenye vichwa vya betri, akavipaka grisi, akaongeza maji yake. Telesfori, fundi redio wa Kashaulili pale Mpanda mjini, alipopita huku alisema waya wetu ni mwembamba na mrefu mno, umeme unachoka njiani kama mtu aliyetoka Mwese kwa miguu. Tukaweka mnene, tukasogeza betri karibu. Nafuu ilikuwa kidogo.

Sababu niliijua mimi. Shemeji Skolastika, mdogo wake Eufrazia tunayeishi naye, aligundua kwamba kioo kile cheusi kinakausha dagaa upesi kuliko mchanga wa ufukweni. "Nashika kona tu, shemeji," aliniambia. "Jua ni la Mungu, tugawane." Jioni akaniletea sahani. Dagaa hawana hata chembe ya mchanga! Wewe una meno, huwezi kujua. Mimi na visiki vyangu hivi nilikuwa nimeishi kwa uji tangu Krismasi.

Jumapili Skolastika haaniki kitu. Na Jumapili taa iliwaka mpaka tukaenda kulala wenyewe. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, ningeshindwaje kuona? Vile vipande vyeusi ndani ya kioo ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka ziwani; mmoja akisinzia, ndoo zote zinasimama. Kona moja ya dagaa inatosha. Nikanyamaza, nikaisingizia betri.

Mwezi uliopita binti wa jirani, Dafrosa, alishikwa na uchungu, akaletwa kwetu, na taa ikazimika mtoto akiwa njiani. Eufrazia alimaliza kazi kwa moto wa mabua, moshi machoni. Mtoto ni mzima, wa kiume, analia kama honi ya meli. Lakini yote niliyasikia kupitia ukutani, nikiwa nimeshiba dagaa. Kulipokucha nikamwambia mke wangu.

Akashika kiuno. "Esau aliuza haki ya uzaliwa wa kwanza kwa dengu. Wewe mwalimu mzima, kwa dagaa!"

"Dengu hazina mafuta, dada," Skolastika akadakia. "Wangu wana mafuta."

Eufrazia alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hajalirudia neno hilo, nami sijawahi kusamehewa kwa raha namna ile.

Sasa Skolastika anafuta vumbi kila asubuhi, na mimi nina kazi: nakaa uani nalinda kioo. Jani la mpapai likitupa kivuli juu yake, napiga kelele, wanalikata. Taa inawaka vizuri. Dagaa wamerudi mchangani, nami nimerudi kwenye uji.

Basi, badala ya betri, ukiweza niletee kioo cha dirisha, cha kawaida tu. Tutakipaka masizi upande wa chini, kiwe cha dagaa peke yao. Kifunge ndani ya blanketi, barabara ya kutoka Mpanda unaijua. Ukikuta nimetangulia, usirudi nacho. Mpe Skolastika, awaanikie wazee wenzangu wasio na meno. Ila kiwekwe mbali, kivuli chake kisifike kwenye taa ya Eufrazia.

Nisalimie Josephina, watoto, na kaka yako Severini ukimwona. Eufrazia na Skolastika wanawasalimu sana. Mungu awaangazie nyumba, mchana na usiku.

Nikupendaye bila kona yenye kivuli,
Mjomba wako,
Makarius