Adriano, Grenda na Mkwe Wake

Alifya, usicheke kwanza.

Mume wangu nusura achinjwe na grenda. Mchana kweupe, hapa Kwihara.

Alikuwa anakata nayo jiwe la kaburi la marehemu baba. Miwani kavaa, glavu kavaa. Ila vumbi kalizuia kwa khanga yangu, kajifunga mdomoni, ncha inaning'inia kifuani. Nikamwambia aichomeke. Akasema, "Niache, mimi ni fundi."

Mara mama akatokea uani. Unamjua Adriano kwa mkwe wake, hata usoni hamtazami. Akageuka haraka, akainama, "Shikamoo mama." Grenda hakuizima.

Shoga, hakuizima! Ameinama na grenda inazunguka mkononi!

Khanga ikanaswa, ikaanza kujiviringisha, ikaivuta grenda hadi kidevuni. Nikachomoa waya.

Kidevu kimechubuka tu. Khanga imekuwa matambara. Yeye bado ameinama, anasubiri aitikiwe.

Mama akaitikia, "Marahaba, baba." Akaliangalia jiwe, akaiangalia shingo ya mkwewe.

"Hilo jiwe lina nafasi ya jina moja tu."

Akarudi jikoni kuangalia maharage yake.