Jani la Isale kwenye Ndege ya Vita

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba! Hapa Kilema sote wazima, na ng'ombe amezaa jike.

Kumbe nawe unaunda ndege ya plastiki! Unauliza kwa nini yangu imefungwa jani kavu. Mitumba ilipoanza kujaa Moshi, mimi na dada tulinunua boksi la vipande vya ndege ya vita. Tuliunganisha barazani, tukishangilia kila gundi ilipokamata bawa! Mara akatokea baba, aliyerudi vitani bila kaka yake. Akazungusha pangaboi la ndege yetu kwa kidole, akaenda mgombani. Alirudi na isale, jani letu la kuombea msamaha na kupatana, akaifunga ndege kwalo.

"Sasa iingizeni ndani," akasema.

Yako ikikauka gundi, ilete. Jani nitakukatia mwenyewe.

Bibi yako