Goli Aliloliona Baba

Lieksa, Jumapili

Mdogo wangu Ensio,

Huko Gothenburg nadhani theluji imeshaisha. Huku bado tunaizoa kwa koleo kila asubuhi. Mama amebadilisha mapazia ya sebuleni.

Jana timu yetu ya hoki ya barafuni ilicheza fainali ya mtoano. Wakubwa wa ligi wametangaza kwamba hakuna tena timu itakayopanda ligi kuu, hata ikichukua ubingwa. Kupinga hilo, mashabiki wakakubaliana kwamba ikifika dakika ya kumi, sote tutaipa barafu mgongo. Tukageuka kimya. Baba peke yake hakugeuka.

"Mzee Reino, geuka bwana, unatuangusha," akasema Pertti wa duka la rangi.

"Nigeuke nitazame nini, ukuta? Mchezo uko huku."

Papo hapo tukafunga. Ukumbi mzima, ni baba tu aliyeliona goli. Akapiga makofi, akanishika mkono.

"Umemwona Ensio? Nilijua atafunga."

Aliyefunga ni mtoto wa jirani, wala hamfanani. Pertti alinitazama, kisha akatazama chini.

Tulishinda. Kombe lilipotolewa hakuna aliyeshangilia. Garini baba akaniambia nisiwashe kwanza, tukusubiri umalize kuoga, kama enzi zile ulipokuwa ukiichezea timu. Nikamwambia umetangulia nyumbani.

Leo mchana baba amekuwekea sahani mezani, na mama akapakua chakula akaijaza. Tulikula hivyo, sote watatu. Njoo, Ensio, hata kwa siku chache.

Dada yako,
Tuulikki