Siku Niliyozima Mashine ya Magunia

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku mlimani ng'ombe kazaa, na mama yako kapeleka ndizi sokoni Kiboriloni.

Umeniuliza: ukiona kasoro hapo kiwandani, uzime mashine wakati bosi anataka idadi itimie?

Nikiwa msichana nilishona magunia ya kahawa kiwandani Moshi mjini. Siku moja mshono ukaanza kufumuka. Msimamizi akasema yapite tu, yatarekebishwa mwishoni. Nikazima mashine.

"Nani kakuruhusu?"

"Kahawa itakayomwagika ni ya baba yangu," nikamjibu.

Fundi alikuta sindano imepinda, akaibadilisha upesi, hata chai yangu haikuwahi kupoa. Hata hivyo nilipewa ufagio mwezi mzima, kama adhabu. Magunia hayakufumuka tena.

Zima, Neema. Wakikupa ufagio, fagia.

Bibi yako