Mpira Haukuja

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, nalo limekuwa mpangaji asiyetaka kuhama. Wewe hujambo? Na Chiriku wangu? Namwita hivyo mpaka leo, ingawa kwa siku hatoi maneno ya kujaza kijiko.

Harusi ya mdogo wako imekaribia. Magauni ya wajukuu nimeshayakata, ya kijani, sare wote. La Chiriku sikukata. Usinune. Mara ile alijifungia chooni, wageni wakabaki kubanwa! Mwache kwa jirani na vifuniko vyake vya chupa avipange. Hajali yule, hata hatajua tumekwenda wapi.

Na hiyo mashine ya kupima ubongo siielewi. Una hakika hawamchezei mtoto kichwa?

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi hatujambo, ila mimi siku hizi nasinzia nimesimama, mwiko mkononi.

Tulikwenda. Mashine ni kama pipa kubwa lililolazwa, inagonga kama mafundi wako juu ya bati. Walimziba masikio, akatulia kuliko mimi. Mle ndani anaona mchezo: vikatuni viwili vinarushiana mpira pamoja naye. Halafu, makusudi, vinaacha kumrushia. Vinarushiana vyenyewe tu. Daktari, dada mmoja mpole, alinieleza wanataka kujua ubongo wa mtu mwenye usonji unafanya nini akitengwa na wenzake, awe mtoto au mtu mzima.

Mimi nilikuwa namwona kwenye kioo cha kamera. Uso mkavu kama ukuta. Nikasema moyoni, Mama kasema kweli, hajali.

Nikaomba majibu. Daktari akacheka. "Mama Chiriku, mtoto mmoja hanipi jibu. Tutapima wengi, tena kwa miaka. Ila usimsome uso peke yake."

Kwenye benchi alikuwapo fundi redio, mtu mzima mwenye usonji, anasubiri zamu yake. Bila kunitazama akasema, "Mimi utotoni sikulia wakiniacha. Wakasema nimeridhika." Kisha akauliza kama chai ya pale ina sukari.

Tumerudi nyumbani, Chiriku anapanga vifuniko. Ghafla: "Mpira haukuja." Kesho yake, anavaa viatu: "Mpira haukuja." Juzi kamwambia jirani, huyohuyo unayetaka nimwachie. Jirani akaanza kutafuta mpira uvunguni!

Mama, nakuheshimu, unajua. Lakini simwachi. Akibaki yeye nami nabaki, na bibi harusi utamweleza wewe. Kelele zikimzidi nitatoka naye nje, chooni sitamwacha aingie peke yake. Nimemaliza.

Binti yako


Tarehe 8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hamjambo? Goti je?

Hujanijibu. Mdogo wangu amepiga simu analia, nami nikalia, Chiriku akatuzimia simu. Nilisema nililolisema kwa upendo, wala silirudishi. Kama umekasirika, niandikie hata matusi, mradi nione mwandiko wako.

Binti yako


Tarehe 21 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na nyingine juu yake. Sisi wazima.

Furushi limefika. Barua sikuiona, nimekagua hadi karatasi ya kufungia. Gauni la kijani tu.

Nimeligeuza nikaketi chini. Mishono yote umeiweka nje, ndani laini kama shuka kuukuu. Shingoni hakuna kola, mikononi hakuna mpira wa kubana. Kumbe siku zote ulimwona anavyojikuna, ukanyamaza! Vipimo hukuniomba, ila pindo umeliacha pana, nami nimelishusha kidogo, limemkaa sawasawa. Na huo mfuko, Mama. Wenzake najua hukuwawekea mfuko. Vifuniko vimeingia vyote.

Nilimwambia, "Bibi kakushonea. Tunakwenda wote." Hakucheka. Uso ule ule wa ukuta.

Sasa hivi ameketi mlangoni, kavaa gauni na viatu, mkoba begani. Safari ni Ijumaa. Nimemwambia ni Ijumaa, nimemwonyesha kalenda, nimembembeleza avue walau ale. Hataki. Mtu yeyote akipita nje, Chiriku anainuka, tayari kuondoka.

Kwa hiyo gauni litafika limekunjamana na lina madoa ya uji. Usiniseme mbele ya watu.

Binti yako, mama wa Chiriku